Daraja la gitaa limebanduka mara ya tatu, naomba ushauri kabla sijapiga skrubu

Seremala wa Kihesa

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi seremala, kibanda changu kiko Kihesa hapa Iringa. Kazi ya siku zote ni vitanda na fremu za madirisha, ila tangu mwaka jana wanakwaya wameanza kuniletea magitaa, na kusema kweli hiyo ndiyo kazi ninayoamka nikiiwaza. Nimeshaunga shingo iliyokatika kichwani, nimeziba nyufa, nimebadilisha funguo za kukazia nyuzi. Yote yanapigwa mpaka leo.

Lililonishinda ni moja. Mwalimu wa kwaya alileta gitaa la mbao, lisilo la umeme, daraja, kile kipande cha mbao kifuani kinachoshika nyuzi, limenyanyuka kwa nyuma kiasi cha kupitisha karatasi. Nikalibandua, nikapaka gundi nyeupe, nikabana usiku kucha. Likakaa wiki tatu. Mara ya pili nikaongeza gundi na kubana siku mbili. Wakasafiri nalo Dar likiwa kwenye buti la basi. Walipofungua begi, daraja limeng'oka lote linaning'inia kwenye nyuzi. Mara ya tatu nikatumia gundi ya kuchanganya, ile ya tyubu mbili. Siku nne tu.

Jana mwalimu alikuja. Hakufoka. Alilishika, akaliangalia, akasema, "Fundi, Jumapili ya Mavuno imekaribia." Angefoka ningelala.

Jirani yangu anasema nipige skrubu mbili yaishe. Mkono unasita. Pia mwalimu aliomba nikiweza niliboreshe, lisikike kwenye spika za kanisa. Naombeni msaada.

Fundi Nyuzi Mwanjelwa

Mkuu, skrubu weka kando kwanza. Nijibu haya: nyuzi ni za chuma au nailoni? Kichwa cha gitaa ni bapa zima au kina matundu mawili marefu katikati? Na pale daraja lilipotoka, unaona mbao tupu au vanishi?

Seremala wa Kihesa

Nyuzi za chuma. Kichwa kina matundu mawili marefu. Kwenye daraja hakuna pini, nyuzi zinafungwa kwa fundo. Nimemulika kwa tochi ya simu: gundi yote imetoka na daraja kama ganda la yai, na chini yake panang'aa kama meza mpya. Mbao tupu inaonekana pembeni tu, upana wa kalamu.

Fundi Nyuzi Mwanjelwa

Basi ugonjwa umeuona mwenyewe. Hapo una makosa mawili, na yote hayakuanzia kwako.

Kwanza, kwa kichwa hicho na daraja lisilo na pini, hilo gitaa lilitengenezwa kubeba nyuzi za nailoni. Seti ya nailoni ikikazwa sawasawa huvuta kama kilo 40 kwa pamoja. Seti ya kawaida ya chuma huvuta kilo 70 na zaidi, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani. Kifua cha gitaa la nailoni ni ubao mwembamba wa milimita mbili na ushee, na shingoni mara nyingi hakuna ile fimbo ya chuma ya kurekebisha. Weka rula nyuma ya daraja, ikatize kifua. Nina hakika utakuta kitambi.

Pili, kiwandani walibandika daraja juu ya vanishi. Magitaa mengi ya bei nafuu hufanyiwa hivyo kuokoa muda. Wewe ni seremala, unajua gundi inataka mbao kwa mbao. Ulichokuwa unabandika siku zote ni rangi, na rangi ndiyo inayoachia.

Fanya hivi. Rudisha daraja mahali pake, pima umbali kutoka pale nyuzi zinapoanzia kichwani hadi freti ya 12, yaani kile kichuma cha 12 kwenye shingo, kisha kutoka hapo hadi kijiti cheupe cha darajani. Kipimo cha pili kiwe sawa na cha kwanza au kizidi kwa milimita moja hivi. Kikipungua, gitaa halitaimba sawa hata ulikaze vipi. Chora mpaka kwa ncha ya kisu, kwa mkono mwepesi, ukate vanishi tu usikate nyuzi za mbao. Kwangua ndani ya mpaka kwa patasi kali mpaka mbao itoke. Gundi ya kuchanganya iliyobaki chini ya daraja itoe yote, usiache hata doa.

Halafu tandika msasa juu ya kifua, uso wake juu, sugua tumbo la daraja hapo hapo mpaka lifuate umbo la kifua. Usilazimishe kwa jiriwa vitu visivyokutana, vitaachana. Tumia gundi ya manjano ya maseremala. Nyeupe hata ikikauka huteleza polepole ikivutwa mfululizo, na joto linaizidishia. Ukiteremka mlima Kitonga kwenda Dar na gitaa kwenye buti, ule ubaridi wa Iringa umeshauacha nyuma. Pitisha jiriwa kwenye tundu la sauti, weka kipande cha mbao ndani usivunje mbavu, acha saa 24. Nyuzi tia siku ya tatu.

Mpiga Rithimu Makambako

Fundi yuko sahihi kuhusu vanishi, ila kwenye nailoni mimi nabisha. Kwaya ina watu 30, nailoni itasikika wapi? Mie napiga chuma kwenye gitaa kama hilo, nashusha toni nzima kisha nabana kapo, ile koleo ya kubana nyuzi zote shingoni, freti ya pili. Mwaka wa pili huu.

Fundi Nyuzi Mwanjelwa

Ndugu yangu wa Makambako, ukishusha toni nzima mvuto unapungua kama moja ya tano tu. Kilo 70 zinabaki 56, na gitaa limejengwa kwa 40. Hebu liwekee rula leo, uniambie.

Sauti ya kwaya ipatikane kwa pikapu, kile kifaa kinachopeleka sauti ya gitaa kwenye spika. Ile ya sumaku haisikii nailoni kabisa, msipoteze hela. Nunua piezo, kile kisahani cha shaba kama cha ving'ora vidogo, ni bei ndogo kwa mafundi redio. Kibandike kwa ndani chini ya daraja, tumia waya wenye kifuniko cha nyuzi za shaba hadi kwenye jeki, lile tundu la kuchomekea waya wa spika, vinginevyo spika zitavuma.

Mzee wa Kalenga

Wanangu, mmenifurahisha. Sisi Wahehe tulikuwa na ligombo, ala yetu ya nyuzi: mti umechimbwa kama mtumbwi, uzi unapita mara kadhaa toka ncha hadi ncha. Hapakuwa na gundi, mti wenyewe ulibeba mvuto.

Kijana wa Kihesa, kile kijiti cha plastiki cha darajani kitupe. Nenda bucha uombe mfupa wa muundi wa ng'ombe. Uchemshe, utoe uboho, uukwangue, uuloweke kwenye petroli siku mbili tatu mafuta yatoke, uweke nje mbali na moto. Uanike mpaka harufu iishe. Kata kwa msumeno wa chuma, maliza na msasa namba 400, ukiwa umefunga kitambaa puani maana vumbi la mfupa ni baya. Utasikia tofauti kwenye nyuzi nyembamba.

Mpiga Rithimu Makambako

Nimeweka rula. Pembeni inaelea milimita tano. Leo nimezilegeza zote.

Seremala wa Kihesa

Mzee wangu, shikamoo. Fundi wa Mwanjelwa, sina cha kukulipa. Kukwangua kumenichukua nusu siku. Chini ya vanishi ile mbao ni nyeupe na laini, haijawahi kuguswa na gundi. Kitambi kilikuwepo, milimita nne, na baada ya siku tano bila nyuzi kimeshuka hadi mbili.

Mwalimu nimemweleza yote na nimemrudishia hela ya mara mbili za mwisho. Nailoni amekubali baada ya kusikia habari ya piezo. Daraja limebanwa tangu jana saa kumi jioni, na mfupa uko juu ya bati unakauka.