Naomba ushauri: nianze na friji, jiko la umeme au sola?

Ndugu zangu, salaam. Naombeni mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Naishi Morogoro, kwenye nyumba yangu, tupo sita. LUKU inakula kama uniti 150 kwa mwezi. Taa zote nimeshaweka za LED, na nguo tunapiga pasi mara moja kwa wiki, zote kwa pamoja. Nafuu niliyoiona ni ndogo. Ndipo nikasoma mita usiku, kila kitu kimezimwa isipokuwa friji: kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi ilikula karibu uniti nzima. Ni friji la mtumba, mpira wa mlango umelegea na mota haipumziki.

Kupikia tunatumia mkaa, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, maana mama ana pumu na moshi unamtesa. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, umeme wetu mwingi unatokana na maji, kwa hiyo natamani kuachana na mkaa kabisa. Hofu yangu ni bili.

Nina milioni moja na laki mbili. Ninunue friji jipya la inveta (lile ambalo mota yake hupunguza kasi kuokoa umeme) pamoja na jiko la presha la umeme, au niweke sola ya taa na friji hili hili? Na mnaopika maharage kwa jiko la presha, kilo moja inawalia uniti ngapi?

Natanguliza shukrani.