Binti wa dada yangu kapata nafasi kwenye filamu huku Ubelgiji, naombeni ushauri

Mjomba wa Liège: Wakuu, habari za jioni. Nipo Liège, Ubelgiji. Kwetu Lubumbashi ila nimekulia Kigoma. Naishi na binti wa dada yangu, ana miaka 17. Mwezi uliopita alienda kwenye usaili wa filamu, foleni tangu alfajiri. Aliazima raba namba 37 wakati anavaa 39, akaambiwa apande ngazi mbio mara sita, kamera ikimfuata mgongoni. Vidole viliwaka moto ila hakusimama. Wamemchagua. Sasa aende au asiende?

Mwisho wa Reli: Hongera mkuu! Hapo jirani yenu Seraing ndugu wawili Dardenne walipiga filamu ya Rosetta. Mwigizaji mkuu, Émilie Dequenne, ilikuwa filamu yake ya kwanza kabisa. Mwaka 1999, ana miaka 17 tu, akabeba tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na filamu ikachukua Palme d'Or, tuzo kubwa kuliko zote pale. Mwacheni mtoto aende.

Mama Sabuni: Mimi wangu alinidanganya anaenda kurekodi muvi Kinondoni. Laki mbili za picha zikaliwa, kamera hatukuiona mpaka leo. Hao wamewaomba hela?

Mjomba wa Liège: Hapana, wao ndio wanalipa.

Fundi Cherehani: Na shule? Ubelgiji sheria inamtaka mtoto asome mpaka miaka 18. Halafu mama yake mbona hujamtaja popote?

Mjomba wa Liège: Shule hajaenda wiki tatu. Mazoezi yanaanza saa mbili asubuhi, angefanyaje? Mama yake yuko Lubumbashi, anajua mtoto anasoma ili awe muuguzi. Hajaambiwa. Mkataba umeshasainiwa na mlezi. Msimlaumu binti, nafasi kama hii ikipita imepita. Joely Mbundu naye hakuna aliyemjua, mwaka 2022 akaonekana Cannes kama Lokita, kwenye filamu ya haohao Dardenne, Tori et Lokita.

Mzee wa Busati: Umeshasaini ndiyo unakuja kuuliza? Unataka ushauri au makofi?

Mama Sabuni: Mama kabeba mimba miezi tisa, kamtuma mtoto ughaibuni, halafu anafichwa! Na huyo Dequenne mnayemsifia amefariki Machi 2025, miaka 43 tu. Dunia mapito.

Mwisho wa Reli: Dada, ile ilikuwa kansa, filamu haihusiki. Amefanya kazi miaka 25, na mwaka 2012 Cannes wakamtuza tena.

Chachandu: Hii chai. Mjomba gani anajua raba ilikuwa namba 37? Mjomba gani anajua vidole viliwaka moto ngazini? Na mkataba "umesainiwa na mlezi", kwa nini usiseme nimesaini? Mimi naona hapa hakuna mjomba.

Mzee wa Busati: Eeh. Kimya kimetanda.

Mjomba wa Liège: Sio chai. Binti ni mimi. Mjomba yupo na ndiye aliyesaini, kwa sababu nilimwambia mama ameridhia. Raba ni za mwanafunzi mwenzangu, kucha ya kidole gumba imeng'oka juzi. Nilipofika ngazi ya juu mara ya sita yule mama wa kamera alikuwa anahema kunizidi, akaniambia kwa Kifaransa, "Ni wewe." Sijawahi kuambiwa hivyo. Mama hupiga Jumapili akitoka kanisani. Sijui nianzie wapi.

Fundi Cherehani: Anza na mjomba leo usiku, yeye ndiye kaweka saini. Kisha mama, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Na hao wa filamu waambie ukweli kuhusu shule, wakupangie saa. Wakikutaka kweli watapanga.

Chachandu: Samahani mdogo wangu.

Mama Sabuni: Hicho kidole kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha ukikaushe vizuri. Jumapili ukishaongea na mama njoo utuambie, mwanangu. Nitakuwepo.