Kayaba ya marehemu mzee imemeza njia ya miguu. Nani akate?

MtotoWaMzee: Wadau, hamjambo. Mzee wetu alipanda kayaba, ile miti ya miiba ya kuzungushia boma, mbele ya ploti yetu hapa Lang'ata kabla sijazaliwa. Kila masika inafura kama unga uliotiwa hamira. Sasa imevuka mfereji na kufunika njia yote, watoto wa shule wanashukia kwenye lami, na matatu za huku mnazijua. Juzi mama mboga alichomwa na mwiba chini kidogo ya jicho. Aligonga geti. Hakutaka pesa, alitaka tu nimwone. Niliona aibu. Halafu kuna mkaratusi umelalia nyaya za stima. Hii kazi ni yangu au ya kaunti?

PangaKali: Ni yako, ndugu yangu. Makasi ya maua weka kando, kayaba inataka panga, buti, glavu za ngozi na miwani. Anza upande wa barabara. Zoa miiba yote, la sivyo watu wa baiskeli watakulaani mwezi mzima. Matawi usiyatupe mferejini, mvua ikija maji yataingia kwako. Mkaratusi usiupande! Waite Kenya Power. Ukitaka kuuangusha wote, pata kwanza kibali cha kaunti.

Wakili_Mstaafu: Mwaka 1926 huko Uingereza, katika kesi ya Noble na Harrison, tawi lilivunjika likaangukia basi barabarani. Mwenye mti aliponea kwa sababu ufa wa tawi hilo haukuonekana kwa macho. Mahakama zetu huzitazama kesi za huko, ingawa hazifungwi nazo. Lakini wewe umeshaonyeshwa jicho getini kwako. Akiumia wa pili, utasema hukujua?

MtotoWaMzee: Nimekata leo na vijana wawili, toka saa moja asubuhi hadi adhuhuri. Mama mboga amepita akacheka, akasema hata hakujua kuna ukuta huku nyuma. Sasa jipya: tumekuta bikoni ya sovea, ile alama ya mpaka wa ploti, ndani ya kichaka, upande wetu. Mzee alipanda kayaba futi tatu nje ya mpaka!

PangaKali: Haha, mzee alijiongezea. Ing'oe yote uipande upya ndani ya bikoni, kabla watu wa barabara hawajaja kukuchorea X nyekundu ya kubomoa ukutani.