Naomba ushauri: mimi na mzee wangu tunataka kutulia pwani ya Italia. Liguria au Amalfi?

Mama Tunu

Habari zenu wana jukwaa. Naomba ushauri kwa waliowahi kufika, na hasa wanaoishi huko.

Mungu akijalia, mwakani mimi na mzee wangu tutakwenda Italia, kama wiki mbili hivi. Watoto wameshajitegemea, mzee amestaafu, na safari hii tumeiahirisha miaka nenda rudi: mara ada, mara kumalizia nyumba, mara msiba. Sasa ni zamu yetu.

Shida ni ratiba aliyoiandaa mwenzangu. Nimeisoma nikachoka kabla ya kupanda ndege. Roma, Firenze, Venezia, halafu Cinque Terre ameandika "tutapita", kisha tushuke mpaka Amalfi na Capri. Kila kukicha ni kufunga mabegi. Mimi ninachotaka ni pwani: niamke bila kengele, ninywe kahawa, nioge baharini kidogo, nile, nilale mchana, jioni tutembee tukiangalia watu. Tumekubaliana kwamba nikileta hoja za maana atapunguza.

Mjue haya: goti langu la kulia halipatani na ngazi. Hatuendeshi gari huko. Tunakula halali. Na bajeti ni ya watu wa kawaida, si ya wenye boti pale Portofino. Tunafikiria Juni au Septemba. Twende pwani ipi, ya Liguria huko kaskazini au ya Amalfi huko kusini, na tupange mji gani?

Chuma cha Reli

Mama, bahari si ipo Kigamboni? Samaki wapo, vyumba vipo, viza haiulizwi.

Mama Tunu

Kigamboni naipenda, mwanangu. Ila nikiwa Kigamboni, kikao cha kwanza cha harusi kitanivusha na pantoni nirudi mjini.

Mjomba wa Malindi

Salaam dada. Mimi ni wa hapa Malindi, na hawa Wataliano nimefanya nao kazi mahotelini tangu ujana wangu. Wengi wanaokuja kwetu ni watu wa kaskazini, Milano na Torino huko, na wakitaka bahari ya karibu na kwao huteremkia Liguria. Kwa hivyo naijua kwa masikio kuliko kwa macho.

Nililojifunza kwao ni hili: Agosti usithubutu. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu yao ya Ferragosto, na wiki za kuizunguka nchi nzima iko ufukweni. Kati ya Juni na Septemba mimi ningechagua Septemba. Maji yanakuwa yameshapashwa na kiangazi kizima, shule zao zinafunguliwa katikati ya mwezi, familia zinarudi makwao. Mwanzo wa Juni maji bado yana ubaridi. Mzungu ataruka ndani akicheka, lakini sisi wa Bahari ya Hindi tunatia kidole tu, tunaurudisha mguu.

Nesi wa Genova

Shikamoo mama. Naishi Genova, huku Liguria, kwa hiyo ujue mapema kwamba mimi navutia upande wangu.

Cinque Terre ya huku kwetu ni vijiji vitano: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Viko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997, na sifa zake ni za kweli. Lakini kwa goti hilo, si pa kulala. Nyumba zimepandana mlimani, na mwenye chumba atakuandikia "dakika tano kutoka stesheni" asikwambie kwamba dakika zote tano ni ngazi. Pale Corniglia stesheni iko chini na kijiji kiko juu, katikati pana ngazi zaidi ya 370. Kuna basi dogo la kukupandisha, ila likijaa unalisubiri juani. Afadhali Monterosso, kuna upande ulio tambarare wenye ufukwe mrefu, lakini bei yake inajua hivyo.

Mimi nakushauri mpange Levanto. Ni mji wa jirani, treni inafika Monterosso kwa dakika chache tu, na ni mji wa watu wanaoishi: kuna shule, kuna duka la mboga, kuna wazee wanaobishana kwenye mabenchi. Katikati ya mji ni tambarare. Kitu ambacho watalii wengi hawakijui ni ile njia ya reli ya zamani. Reli ilipohamishiwa ndani zaidi ya mlima, mahandaki ya zamani yakageuzwa njia ya miguu na baiskeli kutoka Levanto kupitia Bonassola mpaka Framura, kilomita tano na ushee, bila mlima wala ngazi. Unatembea ndani ya handaki lenye taa, kuna ubaridi mzuri, mara ukuta unakatika na bahari iko chini yako, kisha giza tena. Mpaka Bonassola kwa mwendo wako wa pole haizidi saa moja. Mnakula aiskrimu, mnarudi.

Vile vijiji nendeni asubuhi mapema au jioni. Katikati ya mchana vinajaa watu wanaoteremshwa na meli kubwa, na vichochoro ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe. Angalau mara moja nendeni kwa boti badala ya treni, kwa sababu treni muda mwingi imo mahandakini na dirishani utaona sura yako tu. Kwenye boti ndipo unapoona kazi waliyoifanya wale watu: mlima mzima umekatwa matuta ya mizabibu, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, kuanzia karibu na maji mpaka juu kabisa. Boti haifiki Corniglia, na bahari ikichafuka hazitoki.

Ile njia maarufu ya Via dell'Amore, kati ya Riomaggiore na Manarola, ilifungwa 2012 baada ya mawe kuporomoka, ikafunguliwa tena 2024. Ni fupi, haina mlima wa kutisha, lakini tiketi yake ni ya muda maalumu na inakatwa kabla.

Mkiona Levanto ni padogo mno, angalieni Sestri Levante. Ni mji mkubwa kidogo uliokaa kati ya ghuba mbili. Ile ndogo, Baia del Silenzio, wenyeji hushuka jioni na taulo begani baada ya kazi.

Pwani Kusini

Nesi anaisifia kaskazini vizuri, lakini mama usiitupe Amalfi. Kosa la wengi ni kulala Positano, mji wa pwani hiyohiyo. Huko ni ngazi, bei, na ngazi tena. Mimi na mume wangu tulilala Salerno na hatukujuta. Treni za kasi kutoka Roma na Napoli zinafika palepale, mji ni tambarare, ukingo wa bahari una minazi ya kizungu na mabenchi kilomita kwa kilomita, na hoteli si za kuumiza. Asubuhi unapanda boti mpaka Amalfi, chini ya saa moja, unashuka bandarini moja kwa moja bila mlima wowote. Unaangalia kanisa kuu, unakunywa juisi ya yale malimau yao makubwa, unarudi.

Amalfi yenyewe siku hizi ni mji mdogo kabisa, lakini zamani ulikuwa dola ya wafanyabiashara wa baharini, ukishindana na Pisa, Genova na Venezia. Sisi watu wa Kilwa na Lamu tunaielewa hiyo hadithi bila kusimuliwa sana.

Boti nyingine zinasimama Cetara, kijiji cha wavuvi wanaotengeneza mchuzi wa dagaa waliotiwa chumvi, wanauita colatura. Matone machache tu kwenye tambi. Na kusini ya Salerno, kwa treni, iko Paestum: mahekalu matatu ya Wagiriki wa kale yamesimama kwenye uwanda mtupu, hakuna kupanda chochote. Maji ya kusini nayo yana joto kuliko ya huko kwa nesi.

Nesi wa Genova

Kwenye joto la maji sibishani. Na niongeze jambo linaloniangusha mimi mwenyewe: msisogeze safari ya Liguria ikafika mwisho wa Oktoba. Mvua za vuli huku si za mchezo. Tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko na matope yaliingia Vernazza na Monterosso, watu wakafa.

Kijana wa Sinza

Kodini gari ndogo wakuu, uhuru ni muhimu. Ile barabara ya Amalfi video zake ni noma.

Pwani Kusini

Hujaiendesha wewe. Upande mmoja mwamba, upande mwingine shimo mpaka baharini, na kwenye kona unakutana uso kwa uso na basi ambalo haliwezi kurudi nyuma, kwa hiyo unarudi wewe. Msimu wa watalii, magari yasiyo ya wenyeji hupangiwa siku kwa namba za usajili, za witiri na za shufwa. Ukifika salama, maegesho yanakula pesa ya chakula cha usiku. Na katikati ya miji mingi kuna eneo la ZTL, ukipita bila kibali kamera inakupiga picha, faini inakufuata mpaka nyumbani miezi baadaye. Mama ameshasema hataki gari, tuliheshimu hilo.

Mama Tunu

Ahsanteni sana, nasoma yote na mzee namsomea. Sasa chakula. Tutaishi kwa chipsi na samaki tu?

Nesi wa Genova

La hasha, mama. Liguria inamfaa asiyekula nguruwe, akijua pa kuuliza. Pesto yao haina nyama: rihani, kitunguu saumu, njugu za msonobari, jibini na mafuta ya zeituni. Wanachanganya na tambi fupi zilizosokotwa, viazi na maharage mabichi, vyote sahani moja. Kuna farinata, ambayo ni unga wa dengu, maji, mafuta na chumvi, unamiminwa kwenye sinia pana la shaba na kuingizwa kwenye tanuri la kuni mpaka kingo zinakauka. Inauzwa kwa vipande, ni rahisi, na inashibisha. Dagaa wa Monterosso wanakaangwa, wanajazwa viungo, wanalowekwa kwenye limau.

Pa kuwa macho: samaki na kome mara nyingi wanamwagiwa divai nyeupe wakiwa jikoni, kwa hiyo sema "senza vino" kabla hawajaanza kupika. Mkate wa focaccia wa huku ni wa mafuta ya zeituni, ila waokaji wengine hutia strutto, hayo ni mafuta ya nguruwe. Uliza, hawakasiriki. Tiramisu nayo mara kwa mara ina pombe. Asubuhi utawaona wenyeji wanachovya focaccia yenye chumvi kwenye kapuchino. Utashangaa siku ya kwanza, siku ya pili utachovya kama chapati kwenye chai.

Jiko linafungwa mapema: baada ya saa nane na nusu mchana hupati mlo mpaka saa moja jioni au zaidi. Maduka madogo pia hulala mchana. Wewe uliyetaka kulala mchana, nchi itakuunga mkono. Kwenye bili ukiona "coperto" si wizi, ni malipo ya kukaa mezani, kwa kila kichwa. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni rahisi kuliko ukikaa, hasa kwenye viwanja vya watalii.

Na ufukwe: sehemu kubwa imepangishwa, safu za miavuli na vitanda, unalipa kwa siku, safu ya mbele ndiyo ghali. Tafuteni bango la "spiaggia libera", hapo unatandika khanga yako bure.

Afisa Mstaafu

Nizungumzie viza, maana hapo ndipo safari nyingi hufia. Ombi linapelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, kwenu ni Italia. Hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, lakini msisubiri hapo. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima ifidie si chini ya euro 30,000. Taarifa ya benki ionyeshe pesa inayoingia na kutoka kwa utaratibu. Ile ya kujaza akaunti wiki moja kabla wanaitambua mara moja. Barua ya pensheni ya mzee, cheti cha ndoa, hati ya nyumba, vyote viwemo.

Tena ratiba ya kukaa mji mmoja inakusaidia. Karani anaona hoteli moja, tarehe zinafuatana, hana cha kuuliza. Ile ya miji sita ina mianya sita. Wekeni vyumba vinavyoweza kufutwa bila gharama mpaka viza itoke.

Mjomba wa Malindi

Nyongeza kidogo kuhusu treni, wageni wangu hulalamika sana. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima uigonge kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi anakuandikia faini hata kama umelipa. Migomo ni mingi, lakini hutangazwa mapema, na siku za kazi kuna treni za lazima saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku. Ulizeni hotelini kila jioni.

Mama Tunu

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Hoja ya mianya sita ya Afisa Mstaafu ndiyo iliyommaliza mzee, maana yeye mwenyewe alikuwa karani. Tunaingia kwa ndege ya Ethiopia mpaka Milano, tunashuka kwa treni hadi Levanto, tunakaa humo Septemba. Amalfi tumeiweka kiporo, dada wa Pwani Kusini usinikasirikie, ni suala la treni ndefu.

Lakini bado anaidai Venezia. Anasema hawezi kwenda Italia akarudi bila picha ya maana.

Nesi wa Genova

Mpe Pisa. Kutoka Levanto unabadilisha treni La Spezia, unafika, anausukuma ule mnara ulioinama kwa kiganja kama wenzake wote, jioni mko nyumbani mnakula farinata. Na mkirudi Milano shukeni Genova mlale usiku mmoja, nitawatembeza.

Mama Tunu

Pisa amekubali. Genova tunakuja, mwanangu, na nakuletea dagaa wa Kigoma. Venezia tunaendelea kubishana.