Kijani cha mashamba ya chai kinanishinda: wachoraji wa rangi za mafuta, naomba ushauri

Mwanagenzi wa Tukuyu:
Ndugu wachoraji, salaam. Huu ni mwaka wangu wa pili tangu nihamie rangi za mafuta, na karibu picha zote nazichorea nje, kando ya mashamba ya chai, kwa sababu nikiwa ndani kijani hakinivuti hata kidogo. Jua la asubuhi likishika majani machanga, natamani kukamua tyubu nzima. Lakini nikifika nyumbani naona shamba limegeuka zulia la plastiki, kijani kilekile kuanzia miguuni pangu hadi Mlima Rungwe, na nikiongeza nyeupe ili nipate mwanga, picha inapauka kama ukuta uliopakwa chokaa. Tena picha ya mwisho niliifunika gazeti nikaisukuma chini ya kitanda ikauke. Baada ya siku sita gazeti limegandia anga, na sasa matokeo ya mpira yanasomeka katikati ya mawingu. Nakosea wapi?

Mzee wa Loleza:
Mdogo wangu, unachora unachokijua badala ya unachokiona. Unajua kwamba Rungwe ina msitu, kwa hiyo unaipaka kijani, ilhali hewa iliyo kati yako na mlima huo wa mita 2,960 imekwisha kuufanya uwe wa buluu. Kisha lisogelee jani moja la chai ulitazame vizuri. Jani lililokomaa linang'aa, hivyo sehemu inayoelekea anga hurudisha rangi ya anga na kuwa kijivu chenye ubuluu. Lile changa ambalo jua linapenya ndani yake lina unjano wa ndimu. Na kule chini, kwenye matawi, kuna kahawia inayokaribia zambarau. Hapo umepata rangi tatu, na kijani cha tyubu hakijaguswa.

Changanya mwenyewe buluu ya ultramarini na njano, halafu utie nyekundu ya udongo kidogo tu, kiasi cha kushikwa na ncha ya kisu. Nyekundu hukabiliana na kijani na kukipunguzia ukali. Mwanga uutafute kwanza kwa njano, kwa kuwa nyeupe ya titani ina nguvu kubwa ya kufunika na huipoza rangi yoyote inayochanganywa nayo.

Dada wa Mafinga:
Mzee amemaliza habari ya kijani; mimi nazungumzia gazeti. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi hizi hayakauki kama maji, kwa kuruka hewani, bali huganda taratibu kwa kufyonza oksijeni, na baridi ya huku kwetu ya mwezi wa Juni na Julai huchelewesha zaidi. Chini ya kitanda umeinyima picha hewa, umeinyima na mwanga, na mafuta haya yakikaa gizani hugeuka manjano. Itundike ukutani, mbali na moshi wa jiko. Gazeti usilivute kwa nguvu. Ikiwa rangi bado ni laini, kwangua anga lote kwa kisu ulichore upya. Tabaka la kwanza liwe na tapentaini zaidi, na la juu ndilo lipate mafuta, vinginevyo la juu litakauka mapema kuliko la chini na kupasuka.

Mpita Njia wa Isyonje:
Sikubaliani kwamba kijani cha tyubu ni dhambi. Mimi ninacho na kinanifaa. Tatizo naliona kwenye saa. Ukianza saa moja asubuhi na kumaliza saa tano, umechora asubuhi nne katika picha moja. Mchoraji Mfaransa Monet alipochora marundo ya nafaka kule Giverny, Ufaransa, mwaka 1890 hadi 1891, alikuwa na kanvasi kadhaa, akihamia nyingine kila mwanga ulipobadilika. Wewe chukua vibao viwili vidogo, kimoja cha kabla ya saa tatu na kingine cha baadaye.

Mwanagenzi wa Tukuyu:
Shikamoo Mzee, na ndaga fijo, yaani asanteni sana, kwenu nyote. Leo nimekaa na kibao kimoja kidogo hadi saa tatu kasorobo, nikaacha. Wachuma chai waliopita walisimama kutazama, na mama mmoja akauliza kwa nini mlima nimeupaka buluu. Nikamwomba ageuke autazame. Akautazama kitambo, akasema nimezidisha kidogo, na nadhani ni kweli.