Naomba ushauri: mdogo wangu ameacha ARV (dawa za VVU) kimyakimya

Hamjambo jamani. Nakaa na mdogo wangu hapa Likoni. Juzi nikiosha viatu vyake nikakuta kopo la dawa limesokomezwa ndani, hata halijafunguliwa. Kumbe ana miezi miwili hajameza! Ati kipimo cha mwisho virusi havikuonekana, basi kapona. Mimi nijuavyo vimejificha tu. Dawa ikikatwa virusi hurudi ndani ya wiki chache na CD4 (chembe za kinga mwilini) zikaanza kushuka. Utafiti wa SMART, 2006, ulionyesha waliopumzisha dawa waliugua na kufa zaidi ya walioendelea. Na sasa anakohoa usiku, roho yangu haitulii. Nimwanzeje bila kumtia haya? Kliniki watampima upya kwanza, au watamrudishia dawa zilezile? Aliyepitia haya anijuze.