Bango la kupinga rushwa ya ngono chuoni: kwa nini halisomwi?

Mwanachuo wa Iringa:
Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu. Mimi ni katibu wa klabu ya wanachuo inayopinga rushwa. Muhula uliopita tulichapisha mabango 60 ya ukubwa wa A3 kuhusu rushwa ya ngono. Juu tuliweka jina la klabu na nembo tatu. Katikati kulikuwa na picha ya msichana aliyeinamisha kichwa huku mkono mkubwa wa mwanamume ukiwa begani mwake. Chini yake tukaandika aya sita za maelezo, zikiwemo za kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambacho ndicho kinachomgusa mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma au upendeleo. Namba ya TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, 113, ilikuwa mstari wa mwisho kabisa.

Tuliyabandika kwenye ubao wa matangazo mbele ya jengo la utawala na kwenye korido ya ofisi za wahadhiri. Baada ya wiki mbili mengi yalikuwa yamefunikwa na matangazo ya vyumba vya kupanga, na moja lilikuwa limechorwa masharubu. Wenzangu wanasema wanachuo hawajali. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu jioni hosteli jambo hilihili huzungumzwa hadi usiku. Tuna fedha ya kuchapisha mara moja tu. Kosa letu ni mchoro, ni maneno, au ni kitu kingine?

Fundi wa Kariakoo:
Ndugu katibu, nimekaa kwenye uchapaji miaka mingi, na nimeona wateja wengi wakigombana kuhusu rangi ya kichwa cha habari wakati hawajajua bango litakaa ukuta gani. Kabla hatujagusa herufi, hebu fikiria msichana aliyeambiwa na mhadhiri wake kwamba somo lake litafaulu au litafeli kulingana na jibu atakalotoa. Je, msichana huyo anaweza kusimama dakika tatu kwenye korido ya wahadhiri akisoma aya sita, hali mlango wa huyo bwana umeachwa wazi nyuma yake? Hata mimi nisingesimama. Wenzako wanaita hali hiyo kutojali, lakini mimi naiona kuwa ni tahadhari.

Kwa hiyo chagueni kwanza mahali ambapo mtu anasoma bila kuonekana kwamba anasoma: nyuma ya mlango wa choo, ndani ya bafu za hosteli, kando ya kioo. Mahali hapo pataamua ukubwa. Karatasi moja ya A3 ikikatwa inatoa A5 nne, maana yake karatasi zilezile 60 zingewapa vipande 240, na A5 inatosha kabisa kwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja. Ule ubao wa nje unahitaji kazi tofauti: maneno machache, herufi nene, yanayosomeka na mtu anayepita bila kupunguza mwendo. Msijaribu kutumia mchoro mmoja kwa kazi zote mbili.

Jambo la pili ni la ufundi tu. Picha iliyopitia WhatsApp mara tatu ikikuzwa hadi A3 huvunjikavunjika, na ile bluu inayowaka kwenye simu hufifia ikifika kwenye wino. Kama fedha ni kidogo, chapisheni kwa skrini, yaani wino unaosukumwa kupitia kitambaa chenye matundu madogo, rangi moja nyeusi juu ya karatasi ya rangi. Kisha toeni nakala moja tu ya majaribio, ibandikeni ukutani, rudini nyuma hatua kumi na mfumbe macho nusu. Kitakachobaki kuonekana ndicho bango lenu. Hayo mengine ni mapambo ya kuwafurahisha ninyi wenyewe.

Bi Mwalimu:
Naungana na fundi kuhusu mahali, ila naomba niirudie ile picha, kwa sababu imenisumbua tangu niliposoma. Msichana aliyeinama anamwambia msomaji kwamba mambo yamekwisha kuharibika. Linganisheni na kazi za kundi la Medu, wasanii waliokuwa Gaborone, Botswana, wengi wao wakiwa wakimbizi kutoka Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1981 Judy Seidman, mmoja wa wanakundi hao, alichora bango la kuwakumbuka wanawake wapatao 20,000 walioandamana Pretoria tarehe 9 Agosti 1956 kupinga sheria za pasi, yaani vibali ambavyo watu weusi walilazimishwa kubeba. Maneno yake yalitokana na wimbo wa waandamanaji wenyewe: mkiwagusa wanawake, mmegonga mwamba. Mwanamke wa bango lile haombi huruma ya mtu. Mabango ya Medu yalivushwa mpakani kwa siri ili yakabandikwe upande wa pili, na gharama yake ilikuwa kubwa: tarehe 14 Juni 1985 jeshi la Afrika Kusini lilivamia Gaborone usiku na kuua watu 12, akiwemo Thami Mnyele, mmoja wa wachoraji wa kundi hilo.

Jingine ni kuhusu hizo nembo tatu. Wanafunzi na wasanii walioikalia shule ya sanaa mjini Paris mwezi Mei 1968 waliijadili michoro yao katika mkutano kabla haijachapishwa, na hawakuweka saini ya mtu. Nafasi yote ya karatasi ilibaki kwa ajili ya ujumbe. Nembo zenu zimekaa mahali ambapo jicho linafika kwanza, kana kwamba habari kubwa ni ninyi.

Mama wa Pindo, Tanga:
Wanangu, mbona mnakwenda mpaka Paris wakati bango mnalo kabatini kwa mama zenu? Kanga ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina, yaani maneno yake, na jina lenyewe halizidi mstari mmoja. Mwanamke akitaka kumpasha jirani yake haandiki aya sita. Anajifunga kanga, anapita mlangoni, na mwenye kuambiwa anajua kwamba ameambiwa. Chukueni mpangilio huo: pindo nene linalotenganisha karatasi yenu na zile za vyumba vya kupanga, mchoro mmoja katikati, na jina chini kwa herufi kubwa.

Katika maneno ndiko ninakoona udhaifu wenu mkubwa. Mabango ya namna hii karibu yote humwamuru msichana: sema hapana, jilinde, usikubali. Msomaji anayetishwa anabebeshwa na lawama juu yake, wakati anayetenda kosa hatajwi popote. Mngeandika kitu ambacho hata mvulana angekibandika mlangoni kwake. Mimi ningejaribu hili: MAKSI ZANGU NI JASHO LANGU. Halina matusi, halimtaji mtu, lakini mhadhiri mwenye tabia hiyo akilisoma atajikuna.

Halafu angalieni rangi. Mkiweka kijani na njano, watu wataona CCM. Mkichanganya bluu, nyekundu na nyeupe, wataona CHADEMA. Zambarau nayo ina wenyewe. Mtajikuta mnajibu maswali ya uchaguzi badala ya maswali ya chuo.

Mshauri wa Vijana:
Natofautiana kidogo na Bi Mwalimu. Waliokuwa Paris walikuwa wameikalia shule nzima. Ninyi mnaishi chini ya kanuni za chuo. Karatasi isiyo na mwenyewe huchanwa na mlinzi asubuhi, na hakuna wa kumlalamikia. Pelekeni nakala kwa mshauri wa wanafunzi, muombe mhuri, na jina la klabu liwe dogo pembeni. Ile 113 nayo, ambayo hupigwa bila malipo, iondoeni kwenye mstari wa mwisho. Katika kipande cha chooni iwe ndiyo herufi kubwa kuliko zote baada ya jina la kanga.

Mwanachuo wa Iringa:
Nawashukuru sana. Nimeona nirudi na matokeo badala ya shukrani tupu. Tumefuta picha ya msichana aliyeinama. Mchoro wa sasa ni mkono ulioshika kalamu na daftari lililofunguliwa, wino mweusi juu ya karatasi ya rangi ya chungwa, pindo nene pande zote, na yale maneno ya Mama wa Pindo chini yake. Aya sita zimebaki sentensi mbili. Zoezi la hatua kumi lilitufedhehesha mara mbili kabla hatujafaulu: mara ya kwanza kilichoonekana ni pindo peke yake, na mara ya pili kalamu ilifanana na kisu.

Jana nilimpa dada mmoja wa mwaka wa kwanza nakala ya majaribio bila kumweleza chochote. Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi mengine, kisha akaniuliza, "Nikipiga hii namba, watataka jina langu?" Sikuwa na jibu, na katika mikutano yetu yote hakuna aliyewahi kuliuliza swali hilo. Jumatatu tunakwenda ofisi ya TAKUKURU ya mkoa kuuliza, na jibu watakalotupa litachukua nafasi ya sentensi ya pili. Fundi, naomba utuvumilie. Faili litakufikia baada ya hapo.